Dobi Aliyetia Damu

Mimi nina hasira za karibu. Sioni sababu ya kuficha, maana bila hasira zangu habari hii isingekuwepo. Lakini siyo habari yangu, ni ya dada yangu mkubwa, na nitaisimulia kwa kujidai kwa sababu yeye hajui kujidai, na katika kila familia lazima apatikane mmoja wa kuifanya kazi hiyo.

Dada ni dobi wa hospitali. Miaka ishirini na sita yuko kwenye chumba cha kufulia, kule nyuma, mlango unaotazamana na mapipa. Mashuka ya chumba cha upasuaji, makoti, mataulo, vyote hupita mikononi mwake. Madaktari wanaijua damu ikiwa ndani ya mtu. Dada anaijua ikishatoka. Mpe shuka lenye doa, atakuambia limekaa saa ngapi, mgonjwa alikuwa amelala au ameketi, na kama kuna muuguzi aliyejaribu kulifuta kwa maji ya moto akaliharibu. Hapo ndipo utamwona amekunja uso. "Maji ya moto yanaipika," husema. "Damu ni maji baridi, tena mapema." Alilisema hilo hata siku ya harusi yangu, mtu alipojikata kidole na kisu cha keki. Wageni wakaacha kula.

Mumewe, shemeji yangu, alikuwa fundi saa. Mtu mpole, mwenye mkono usiotetemeka hata ukimpigia kelele sikioni, na nimejaribu. Sasa cheka: mtu huyo alikuwa akiona damu anaanguka. Sisemi alikuwa anaogopa. Nasema anaanguka chini, puu, miguu juu. Akijichoma na bisibisi, ni dada aliyemfunga kidole, yeye amegeukia ukutani amefumba macho kama mtoto anayesubiri sindano. Tulimtania mpaka akazoea.

Siku zake za mapumziko, shemeji alikuwa anatengeneza modeli. Magari ya vita, madaraja, vijitu vyenye urefu wa kijiti cha kiberiti, vyenye vifungo kwenye mashati na kope machoni. Alikuwa kwenye chama cha watu wa namna yake, wanaume kama ishirini wenye miwani, wanaokutana ukumbini juu ya duka la vitabu na kubishana saa nzima kuhusu rangi ya tope. Kila mwaka wanafanya maonyesho, na kazi itakayoshika nafasi ya kwanza inawekwa kwenye kabati la kioo mlangoni mwa ukumbi, na haitoki tena.

Kazi yake ya mwisho ilimchukua miaka minne. Ilikuwa hospitali ya vitani. Hema limefunguliwa upande mmoja, ndani mpasuaji ameinamia meza, wauguzi wawili, majeruhi sita kwenye machela. Nje ya hema kuna kamba, na kwenye kamba mashuka manane ya karatasi nyembamba iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe, yamekunjamana kwa upepo usiokuwepo. Chini ya kamba kulikuwa na matundu mawili ardhini, madogo kama ya sindano. Hakuna aliyejua ya nini.

Na hakukuwa na tone la damu. Hata moja! Mpasuaji alikuwa mweupe pe, majeruhi wamefungwa bandeji safi kama wametoka saluni. Shemeji alimwambia dada, "Mimi najenga. Damu utaitia wewe."

Dada akacheka. "Kazi yangu ni kuitoa, siyo kuitia."

"Basi ndiyo maana," alisema shemeji. Jumatatu iliyofuata alikufa juu ya meza yake ya kazi, moyo tu, saa ya mteja mkononi. Dada aliifunga ile saa kwenye leso akampelekea mwenyewe. Miezi mitatu hakuingia kwenye chumba cha shemeji, na mimi sikumsukuma, ingawa kunyamaza kunaniumiza tumbo.

Ndipo akaja mwenyekiti wa chama. Tunamwita Bwana Lenzi kwa sababu ana kioo cha kukuzia kinachoning'inia kifuani kama medali, na hukitazamia kila kitu, hata biskuti. Alikaa sebuleni, akatoa pole, akanywa chai, halafu akataka kuiona ile kazi. Dada akamfungulia chumba. Bwana Lenzi aliizunguka modeli, kioo jichoni, akipumua kwa nguvu.

"Shemeji," alimwambia dada, "hii ni kazi kubwa. Hii itashika nafasi ya kwanza. Imebaki damu tu. Niachie mimi, maonyesho ni baada ya wiki tatu."

"Na jina?" dada aliuliza.

Bwana Lenzi akakohoa. Kanuni ya chama ilikuwa hivi: kazi ya marehemu ikimaliziwa na mwanachama, kibao huandikwa jina la huyo aliyemalizia. Ikimaliziwa na mtu wa nyumbani kwake, jina la marehemu linabaki. Isipomaliziwa, haipandi mezani.

"Basi nitamalizia mimi," dada alisema.

"Shemeji, usije ukaharibu. Damu ndiyo inayowashinda watu wote. Tone likishagusa rangi isiyo na vanishi halitoki, limezama. Miaka minne ya marehemu itakwenda kwa mkupuo mmoja wa mkono." Kisha akainama chini ya ile kamba ya mashuka. "Na haya matundu nitayaziba. Marehemu alipitiwa hapa."

Nilimwona dada akinyooka mgongo. "Mume wangu alikuwa fundi saa miaka thelathini," alisema. "Hakutoboa tundu bila sababu. Hayazibwi."

Mimi nilikuwa nimeshafungua mlango wa nje. Kumtoa mgeni ni kazi yangu, dada hajui.

Kesho yake tulipanda ule ukumbi wa juu ya duka la vitabu, dada akaone wenzake wanafanyaje. Bwana Lenzi alituonyesha kifaru chake alichojivunia, na kando yake askari aliyepigwa risasi. Yule askari alikuwa mwekundu kuanzia kofia mpaka buti, anang'aa. Dada alimtazama kwa muda mrefu. Halafu kicheko kikamtoka, kile cha puani, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu msiba.

"Huyu kamwagiwa rangi ya kucha," alisema.

Wanaume wawili wakageuka. Bwana Lenzi akauliza, kwa ubaridi, kosa ni nini.

"Moja, sweta la sufu linakunywa damu, haling'ai. Inang'aa kwenye chuma na kwenye ngozi, tena ikiwa mbichi. Pili, doa hukauka kuanzia pembeni, kwa hiyo ukingo ni mweusi na katikati ndipo pekundu. Tatu, hili tone hapa kwenye shavu." Akaazima kile kioo, akakivuta na mwenye nacho shingoni. "Huyu mtu ana urefu wa kijiti cha kiberiti. Kwake yeye hili siyo tone. Hii ni ndoo."

Nilitamani kupiga vigelegele. Nikajizuia, nikakohoa.

Basi dada akaanza kujifunza. Kila akitoka kazini anaoga, anakula, anaingia kwenye chumba cha shemeji, dirisha wazi, na mimi nyuma yake kama tarishi. Rangi hazikumpa shida. Nyekundu peke yake hakuitumia hata siku moja. Aliichanganya na kahawia, akatia tone la bluu, akapaka kwenye kipande cha shuka kuukuu, akasubiri ikauke, akatikisa kichwa, akaanza upya. Alikuwa na vikopo vitano: damu ya sasa hivi, ya saa moja, ya asubuhi, ya jana, na ile ya zamani yenye rangi ya chai kali iliyosahaulika kikombeni. Mkono ndio uliomtesa. Kurusha matone ni kitu kingine. Unachukua mswaki uliokatwa nywele fupi, unaugusisha rangi kidogo sana, unaufuta, halafu unavuta nywele zake kwa ukucha, tr-r-r, na matone yanaruka. Yakianguka wima yanakuwa duara. Yakiruka upande yanakuwa na mkia, na mkia unaelekea kule yanakokwenda. Hayo dada aliyajua kutoka kwenye kuta za hospitali, lakini kuyajua ni jambo moja na kuyatoa kwenye mswaki ni jambo lingine. Kwa siku kumi alirusha kwenye makaratasi. Matone yalikuwa makubwa, yote ndoo, yote mabeseni. Mimi nilishika karatasi mpaka nikawa na madoa hadi kwenye nyusi, na muuza mboga akaniuliza kama mume wangu ananipiga. Nikamwambia mume wangu hathubutu.

Siku ya kumi na moja alipata. Vumbi jekundu, laini, matone ambayo ungehitaji kioo kuyaona. Alinitazama, meno yote nje. "Mdogo wangu," alisema, "tuingie kazini."

Akaanza na ndani ya hema. Alifunika kila kitu kwa vipande vya karatasi, akaacha wazi pale tu palipohitajika. Mikono ya mpasuaji ikawa myekundu mpaka juu ya kifundo, mbichi, yenye vanishi. Aproni yake ikawa na mabaka matatu ya umri tofauti, maana, kama alivyosema dada, yule bwana hajaanza kazi leo asubuhi. Kwenye bandeji alitia kwa unywele mmoja wa brashi, akaiacha rangi itambae yenyewe kwenye nyuzi. Majeruhi wa nne hakumtia hata tone. Nikamuuliza kwa nini. "Huyu amevunjika mguu tu," alisema. Dada anapofanya kazi hakosi utani, na hutajua kama anatania.

Zikabaki siku nne. Hapo ndipo nilipoharibu.

Asubuhi ile nilipita dukani kwa fundi wa kuchonga vibao, nichukue kibao cha mlango wangu. Juu ya meza yake nikakuta kibao kidogo cha shaba. Kimeandikwa "Hospitali ya Vitani", na chini yake, jina la Bwana Lenzi. Ameshaandikisha! Hakungojea hata dada ashindwe! Sijui nilifikaje nyumbani. Nakumbuka niliingia chumbani, dada amesimama amekamata brashi iliyojaa rangi juu ya modeli, karatasi za kufunikia ameshazitoa. Akanyoosha mkono mwingine, ishara ya kwamba nisubiri. Sikusubiri. Nikaanza kusema, nikawa napayuka, na nilipofika kwenye "jina lake, kwa herufi za kuchonga," nikapiga meza.

Meza ikaruka. Tone likaanguka. Likatua kwenye shuka la tatu kutoka kushoto, katikati kabisa, likaenea.

Wale watu wadogo walikuwa na mashuka saba safi na moja lililobeba damu ya ng'ombe mzima. Dada aliweka brashi chini polepole, akakaa kwenye kiti cha shemeji, akaweka mikono mapajani.

"Kwenye kamba hutundikwa shuka lililokwisha kutakata," alisema kwa sauti ndogo. "Ukitundika hili, mtu yeyote atajua ni kosa. Miaka minne yake, mdogo wangu." Na machozi yakaanza kumtoka, dada ambaye hata kaburini alilia kwa staha.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kupekua makabati ya shemeji kama mwizi, nikitafuta rangi nyeupe, dawa ya kufutia, chochote. Nikavuta droo ya vipuri vya saa, vile vikopo vya bati alivyoviandika kwa mwandiko wake mdogo kama sisimizi: springi, misumari, mishale. Kimoja kilikuwa kimeandikwa "wa mwisho." Nikakitikisa. Kuna kitu kikubwa ndani. Nikafungua.

Alikuwa mwanamke, urefu wa kijiti cha kiberiti. Ameinama, gauni la bluu la kazi, kilemba kimefungwa fundo juu ya sikio la kushoto. Mikono ya gauni imekunjwa, wa kushoto mpaka juu ya kiwiko, wa kulia chini yake, maana dada yangu tangu utoto hajawahi kuikunja ikalingana. Viganja viko mbele, vimefumbwa nusu, kama vimeshika kitu ambacho hakipo. Chini ya miguu yake kulikuwa na pini mbili. Na kando yake, kwenye pamba, beseni lililotengenezwa kwa mfuniko wa nyuma wa saa ya kike. Kavu, halina maji.

"Dada," nilisema. Nikamnyooshea kile kikopo.

Alimchukua kwa kibano. Alimtazama kwa muda mrefu sana. Kisha, bila kuniambia kitu, akampeleka chini ya ile kamba na kuzishusha zile pini kwenye yale matundu mawili. Zikaingia, tik, kama mfuniko wa saa.

Sasa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi pia, tumeshikana mabega kama wehu. Shemeji alimtengeneza mkewe, akamficha, akangoja damu itiwe ili apate cha kufua. Ndiyo maana alisema damu aitie dada. Nampenda yule mtu mpaka leo.

Lakini dada hakukaa kulia. Alijifuta uso kwa mkono wa gauni, akasema, "Lete maji. Ya uvuguvugu, hii ni gundi, siyo damu." Akalikata lile shuka la tatu kwenye kamba, akalilowesha kidogo likalainika, akalipitisha kwenye vile viganja vilivyongoja. Ncha moja ikaanguka kwenye beseni. Lile tone langu akalitandaza kwa brashi yenye maji, ukingo akauacha mweusi, katikati akaipausha, nusu yake tayari inatoka. Kwenye beseni akamwaga vanishi yenye wekundu kidogo tu. "Maji ya pili," alisema. "Ya kwanza ameshayamwaga." Na kweli, akatia doa la unyevu ardhini kando ya beseni, mahali yalipomwagwa. Pale palipokuwa na shuka la tatu akaacha pengo kwenye kamba.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Bwana Lenzi aliitazama modeli kwa kioo chake, akatazama tena. "Huyu mwanamke ametoka wapi?" aliuliza.

"Kwenye yale matundu uliyotaka kuyaziba, mwenyekiti," nilimjibu, kwa adabu zote nilizonazo, ambazo si nyingi.

Mwamuzi alikuwa daktari mstaafu, mpasuaji, mzee mrefu mwenye fimbo. Kwenye meza nyingine alikaa dakika mbili. Mbele ya hema la shemeji alivuta kiti. Alimtazama mpasuaji na aproni yake, akatabasamu. Alipofika nyuma kwa yule mwanamke, tabasamu likakatika. Aliinama mpaka pua ikakaribia kamba.

"Nani aliyetia damu hapa?"

"Mimi," dada alisema. Alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono ya gauni imekunjwa bila kulingana.

"Haya maji, mama. Ni ya baridi?"

"Ya baridi, daktari. Ya moto yanaipika."

"Miaka thelathini na nane nilivaa koti safi kila asubuhi," mzee alisema. "Hata siku moja sikuuliza limesafishwa na nani." Akasimama kwa shida, akaegemeza fimbo mezani, akampa dada mkono wa kulia, na wa kushoto akaushika juu yake, mbele ya wanaume wote wenye miwani. Sikujizuia tena. Nilipiga vigelegele mpaka mwenye duka la vitabu akapanda kuangalia kuna nini.

Nafasi ya kwanza! Na jina likawa la shemeji, kama kanuni inavyosema. Fundi wa vibao hakuwa na shaba nyingine siku ile, kwa hiyo alikigeuza kile kile, akachonga upande wa nyuma. Jina la Bwana Lenzi limegandishwa kwa gundi, linatazama mbao, na halitatoka humo.

Nisimwonee lakini. Jioni ile alimfuata dada, yule askari wake amemfunga kwenye kitambaa. "Shemeji," alisema, kioo chake amekishika kama mtu aliyevua kofia, "huyu bado anaokoka?"

Dada alimgeuzageuza askari mwekundu. "Mlete Jumamosi," alisema. "Na mswaki wako mwenyewe."

Sasa kila Jumamosi chumba cha shemeji kina wanaume wanne watano, vidole vyekundu, wanaambiwa ndoo, ndoo, hiyo nayo ndoo. Mimi hukaa mlangoni, nimekatazwa kuikaribia meza.

Jumapili napita ukumbini, nasimama mbele ya kabati la kioo. Watu huja na kusifu mikono ya mpasuaji. Nawaacha wasifu, kisha nawazungusha nyuma, nawaonyesha kamba yenye mashuka saba na yule mwanamke aliyeinama. Huyo ni dada yangu, nawaambia, na aliyemtengeneza ni mumewe. Na lile shuka aliloshika, tone lake nililiangusha mimi.